Kichupa cha Nanaa na Pua ya Mtoto

Nakumbuka siku niliyokaribia kumuua mpwa wangu kwa dawa, mwanangu, na nakusimulia nikiwa na hasira. Juzi sokoni nilimwona kijana akimpaka mwanawe mchanga mafuta ya nanaa puani, huku anacheka. Nilimfokea. Nawe usitegemee nikubembeleze.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya Morogoro Mjini, ambamo jana tu tulipanga foleni ya sabuni, yalijaa kila kitu. Mimi niliishia darasa la saba, lakini kwa ndoto nilikuwa daktari mzima, na koti jeupe juu. Nikanunua kichupa cha mafuta ya nanaa, makali ya kutoa machozi, nikapanda nacho kwetu milimani, juu ya Bigwa, nikiimba njia nzima.

Nyumbani nanaa ilijiotea yenyewe panapomwagwa maji ya vyombo. Bibi, mama yake mama, aliichemshia mtu mzima mwenye gesi au kichefuchefu: majani machache, kikombe kimoja, basi. Nikaiona ya kishamba. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga; mimi niliuacha nikiimba.

Mwajuma, binti wa dada yangu, alikuwa na miezi miwili, mafua yamembana. Dada alikuwa ameenda mtoni. Nikamwambia mtoto, "Tulia, mjomba yupo," nikampaka chini ya pua.

Akavuta pumzi moja. Ya pili haikuja. Midomo ikageuka rangi.

Bibi alimpokonya mikononi mwangu, akamfuta kwa kanga, akatoka naye kwenye upepo. Kilio kiliporudi ndipo akanigeukia.

"Umempaka nini?"

"Nanaa, bibi. Ile ile yako, ila ya dukani ina nguvu."

"Nguvu za kumpiga nani? Mtoto huyu ana ugomvi na mtu?" Nikainama. "Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye msemaji wake. Wewe wa kumsemea, ndiwe unayemkata pumzi?"

Tulimshusha zahanati, nimembeba mimi. Njia nzima bibi alikataa kunipokea mtoto. Mganga wa zahanati akanionya kama bibi, kwa upole tu: mafuta makali hivyo hukata pumzi ya mtoto mchanga. Bibi hakuitikia shikamoo yangu hadi mafua ya mtoto yalipoisha.

Sasa sikiliza. Nanaa ni dawa, sikatai. Tumbo likijaa gesi, chemsha majani unywe; ukiwa na kiungulia iache, itakuzidishia. Lakini mafuta ya chupa usimpake mtoto mchanga usoni wala kifuani, na usimnyweshe. Mafua yakimbana, mpeleke zahanati. Na kabla hujafungua chupa, uliza. Kuuliza si ushamba. Ushamba nilikuwa nao mimi, na kichupa changu cha mjini.

Mwajuma leo ana wanawe. Kila akiniita mjomba, moyo hunishtuka.

Nenda, mwanangu. Mungu awajalie wanao pumzi ndefu, wavute hadi wakuzike wewe, si wewe uwazike wao.