Unga kwenye Meza ya Direkta

Wiki iliyopita, katika ofisi ya shule moja ya mtaa wa Ngagara, mama mmoja aliyekuja na binti yake aliweka ungo wenye unga mezani kwa direkta, mkuu wa shule, juu ya makaratasi yake.

"Mama, huyu binti tulimurudisha nyumbani," direkta akasema. "Herufi zote anageuza."

"Kwa daftari anageuza. Mi namufundisha jikoni. Mupe maneno."

Direkta akatamka sentensi ngumu, ya kumtega. Msichana akafumba macho, akaiandika kwa kidole kwenye unga, polepole, mpaka nukta. Direkta, kwa mazoea, akachomoa kalamu nyekundu. Ikaning'inia juu ya ungo. Hakuona kosa, wala pa kuweka alama.

"Lakini mama, na hii vita? Ngoja kwanza amani irudi."

"Risasi zikilia, we unafunga shule. Mi jiko sijafunga hata siku moja."

Direkta akafungua rejista, akaandika jina la binti kwa kalamu ileile nyekundu.

Mimi nilikuwa nimekwenda kumwombea mwanangu ruhusa ya kukaa nyumbani mpaka mji utulie. Niliaga, nikaondoka bila kuomba.