Basi la Shemeji na Meli ya Saa Kumi

Bi Nyoosha hakuwa mtu wa kukurupuka. Mwanamke aliyesimama miaka kumi na tisa mbele ya meza ya pasi, katika chumba cha kufulia cha hoteli, anajua kwamba ukikurupuka unaunguza. Jina hilo alipewa na wenzake kazini, kwani hata kitambaa cha kupangusia meza hakikupita mikononi mwake bila kunyooshwa. Mkono wake wa kulia una alama ya mvuke kuanzia kiwiko hadi karibu na kifundo. Mara tatu alistahili kuwa msimamizi wa zamu, na mara tatu akaletwa mtu mwingine asiyejua hata kutofautisha pamba na hariri, kisha yeye ndiye akaambiwa amfundishe. Amfundishe! Jamani, moyo wa mtu ni chuma?

Kwa hiyo alipopata kazi ya kusimamia chumba cha pasi katika meli kubwa ya watalii, alijifungia chooni akalia kidogo, akanawa uso, akaenda kuandika barua ya kuacha kazi. Masharti ya meli yalikuwa wazi. Inang'oa nanga saa kumi jioni kwenye bandari ya nchi jirani, na wafanyakazi wapya mwisho wao getini ni saa nane mchana. Ukichelewa, nafasi anapewa anayefuata kwenye orodha, hakuna kubembelezana. Hoteli nayo, kwa roho mbaya tu, ikakataa kumwachia mpaka jioni ya siku iliyotangulia.

Akachukua daftari la shule akaanza kuulizia usafiri. Ndege akaifuta mara moja, haikuwa saizi yake. Teksi ya kuchangia akaifuta pia, kwani dereva mwenyewe alikiri kwamba huwa anageuza njiani abiria wakipungua. Likabaki basi la alfajiri, linalosemekana kufika saa tano, na treni ya usiku inayofika saa saba. Aliyemfungua macho ni mpishi wa hotelini, mzee aliyewahi kupika melini.

"Usiniulize kipi kinakwenda kasi," mpishi alimwambia. "Uliza nani anashuka mpakani. Treni, wakaguzi wa paspoti wanakufuata kitini kwako. Ukishashushwa na mzigo wako, mama, wewe ni mali ya kuokota."

Bi Nyoosha akapigia treni mstari mara mbili. Angeishia hapo, mambo yangekuwa mepesi. Lakini Jumapili wakakutana nyumbani kwa mama mkwe kumuaga, na shemeji alikuwepo.

Shemeji huyu, kaka mkubwa wa mumewe, ni wakala wa tiketi za basi pale stendi. Mhuri wa kampuni anatembea nao kwenye mfuko wa shati, hata misibani. Akisikia mtu anasafiri, huo mkono tayari uko mfukoni.

"Treni?" alicheka mpaka kifua kikatikisika. "Shemeji yangu mimi apande mkokoteni, na basi ninalo?"

"Hilo basi linavuka mpaka?" Bi Nyoosha akauliza. Aliuliza wazi, mbele ya watu wote.

"Moja kwa moja!" Shemeji akapiga meza, vikombe vikaruka. "Unapanda hapa, unashukia bandarini. Au unaniona mimi tapeli?"

Sebule nzima ikamgeukia Bi Nyoosha. Mumewe akatazama vidole vyake vya miguu, kama afanyavyo kila kaka yake anapoinua sauti. Mama mkwe, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu na alisubiri kwenda kutibiwa huko huko ng'ambo ya mpaka, akasema kwa upole, "Haya, wanangu, msigombane." Sasa utamwambia nini shemeji mtu mzima, katika sebule ya mama yake? Utamwambia humwamini? Bi Nyoosha alimeza maneno yake yote, na tiketi ikagongwa mhuri palepale, juu ya kitambaa cha meza alichokinyoosha yeye mwenyewe. Mpaka leo hajajisamehe. Daftari lilimwambia treni, mpishi alimwambia treni, yeye akapanda basi ili mtu asinune!

Saa mbili asubuhi basi likafika mpakani, likazima injini.

"Mwisho wa gari!" kondakta akapaza sauti. "Kila mtu na mzigo wake. Mnavuka kwa miguu, upande wa pili kuna basi lingine."

Lo! Bi Nyoosha alidhani hakusikia vizuri. Akaitoa tiketi, akamwonyesha kondakta maneno "moja kwa moja" yaliyoandikwa kwa herufi kubwa. Kondakta akaitazama kwa huruma, akaendelea kushusha mizigo.

Wakavuka hivyo hivyo, katikati ya malori, vumbi tupu. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliburuta begi lililokatika mkanda. Bi Nyoosha alikuwa amevaa blauzi nyeupe aliyoinyoosha mwenyewe, maana dada wa ajira wa meli, aliyempa kazi, alimwambia, "Ukija, njoo umevaa kazi yako." Walipomaliza kugongewa paspoti, blauzi ilikuwa na rangi ya barabara.

Basi la upande wa pili lilikuwepo. Lilikuwa na abiria wanne na dereva aliyelala.

"Tunaondoka saa ngapi?"

"Dakika kumi tu, mama. Likijaa tu."

Dakika kumi zikawa saa nzima. Akauliza tena, akajibiwa dakika kumi. Hapo akampigia shemeji.

"Shemeji, basi lako limeishia mpakani. Ulijua?"

"Aa, si ndiyo kawaida yake, shemeji! Kila mtu anajua. Vumilia kidogo."

Kila mtu anajua! Na aliyeulizwa mbele ya watu akapiga meza ni nani? Bi Nyoosha alikata simu kabla hajatamka neno la kutafutia kikao cha ukoo. Akakaa juu ya begi, akahesabu saa zilizobaki. Basi likijaa saa tano, anafika saa tisa. Saa tisa getini wanamtazama mwenzake akipokea funguo za chumba chake cha pasi. Mara ya nne. Hapana, mara hii hapana.

Ndipo akasikia honi ndefu. Kule nyuma ya maghala, treni, ule mkokoteni wa shemeji, ilikuwa inaingia stesheni, taratibu, na wakaguzi tayari wanapanda mabehewa.

Hakuuliza mtu. Alijifunga kanga kiunoni, akatwika begi, na mwendo aliokwenda hajawahi kwenda tangu shule ya msingi. Akamshika mkono yule mama mwenye mtoto. "Twende, dada, hapa tutaota mizizi." Mkata tiketi mlangoni mwa behewa aliwatazama wanavyohema, akawaambia watalipia ndani.

Saa saba na robo alishuka bandarini. Katika choo cha stesheni alivua blauzi, akaitia maji, akainyoosha kwa viganja juu ya sinki mpaka ikatulia, akaivaa ingali mbichi. Saa nane kasoro dakika ishirini jina lake likatiwa alama getini. Yule dada wa ajira akaikagua kola. "Imelowa," akasema. "Lakini imenyooka. Pita."

Alikuwa bado kwenye foleni ya kupanda meli simu ilipolia.

"Shemeji! Umefika?"

"Nimefika."

"Mnasikia?" Shemeji akawauliza watu aliokuwa nao. "Nimeweka sauti kubwa, shemeji, mama yupo, na mumeo yupo. Hebu waambie mwenyewe kuhusu basi langu."

Bi Nyoosha alivuta pumzi. Kazi kashapata. Angeweza kusema asante, yakaisha, kila mtu akabaki na heshima yake.

"Maana Jumatano na mama anapanda hilohilo kwenda kutibiwa macho," shemeji akaendelea. "Nimeshamgongea mhuri."

Basi hapo ndipo yakamtoka. "Mama hapandi basi hilo, ng'o! Linaishia mpakani, shemeji. Watu wanashushwa na mizigo, wanavuka kwa miguu katikati ya malori. Nilikuuliza ukapiga meza. Leo asubuhi ukaniambia kila mtu anajua. Huyo mama yako anajua? Mimi nimefika kwa treni."

Shemeji akakohoa. "Mtandao... mtandao leo mbovu sana, hatusikii."

"Mtandao mzima kabisa," sauti ya mama mkwe ikasema. "Macho ndiyo yanaumwa, si masikio. Mwanangu, hiyo treni inaondoka saa ngapi?"

"Saa nane usiku, mama. Na mpakani hushuki."

"Andika," mama mkwe akaamuru, na Bi Nyoosha akamsikia mumewe akimwambia kaka yake, "Nipe hiyo kalamu."