Wenye Nyumba Wasio na Ardhi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika mapema mno, nikaikuta ofisi imefungwa. Kilikuwa chumba kimoja cha mabati huko Likoni, nyuma ya zahanati, na mlangoni palibandikwa karatasi yenye jina la mradi. Nilikaa kizingitini nikisoma nyiradi zangu za asubuhi mpaka alipokuja Msimamizi wa Uandikishaji, bwana mrefu kutoka bara mwenye kalamu tatu mfukoni. Hakuniuliza jina.

"Wewe ndiye mama wa hapa hapa?"

Nikamjibu kwamba nimezaliwa Likoni.

"Basi vizuri. Watu wa hapa hawatufungulii milango. Wewe watakufungulia."

Hiyo ndiyo sababu niliyoajiriwa, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa nimesoma Kurani chuoni kwa babu yangu, kisha shule hadi kidato cha nne, na kwa miaka kadhaa nilikuwa nikiwasomesha wanawake dini. Habari za nyumba sikuzijua, isipokuwa kukaa ndani yake.

Mradi wenyewe haukujenga nyumba. Ulipima ardhi, ukakata viwanja, ukaleta bomba la maji, mtaro na choo, halafu ukaiachia familia ijenge yenyewe, chumba baada ya chumba, kadiri Mungu alivyoijaalia. Tuliviita viwanja vyenye huduma. Kiwanja kilikuja na hati, na hati ndiyo iliyokuwa jambo kubwa, kwani mwenye hati haamki siku moja akaambiwa ahame. Nia ilikuwa njema, nami nasema hivyo mpaka leo. Nimewaona watu waliokuwa wakila mara moja kwa siku wakijinyima nusu ya hiyo moja ili wapate mfuko wa saruji, kwa kuwa kwa mara ya kwanza walijua ukuta wao hautaangushwa na mtu.

Kazi yangu ilikuwa kuandikisha. Msimamizi alinifundisha kwamba hatuhesabu vichwa wala milango, bali twahesabu vyungu. Wanaokula chungu kimoja ni jamaa moja, hata kama wamelala vyumba vitatu. Ndugu wawili wanaolala chumba kimoja lakini kila mmoja hujipikia chake ni jamaa mbili. Nilitembea na kopo la rangi nyeupe na burashi, nikiandika nambari juu ya kila mlango, na chini ya kwapa nimebeba fomu za maswali kumi na mawili. La saba liliuliza kama mwombaji ana nyumba yake mwenyewe. Aliyejibu ndiyo aliwekwa kando, kwa kuwa viwanja vilikuwa vya wasio na nyumba.

Hapa yanipasa kueleza jambo ambalo mtu wa pwani hahitaji kuelezwa. Kwetu nyumba na ardhi ni vitu viwili. Mtu hupewa mahali na mwenye shamba, akalipa kodi ya ardhi kila mwezi, akajenga kwa boriti, fito na udongo, akaezeka makuti. Nyumba ni yake kabisa. Ataiuza, ataipangisha, akifa warithi wake wataigawana kwa mafungu ya sheria. Lakini ardhi ni ya mwenye shamba, na siku mwenye shamba akiitaka, mwenye nyumba huondoa vyake akaenda. Msimamizi hakulijua hilo. Huko kwao mwenye nyumba ndiye mwenye shamba. Mimi nililijua tangu utotoni, nami nimekulia katika nyumba ya namna hiyo. Ndiyo maana sikuliona. Kwangu, mtu aliyesema ana nyumba alikuwa amesema kweli, na kweli huandikwa.

Katika kichochoro kimoja chenye nyumba kumi na tisa aliishi mjane aitwaye Bi Zuhura, mmoja wa wanawake niliowasomesha. Alikuwa akipika mahamri na mbaazi, akiwauzia wafanyakazi waliokuwa wakienda kuvuka feri, na aliishi na binti yake Mwanaisha, aliyetembea kwa mkongojo tangu utotoni. Aliniketisha mkekani, akanimiminia chai na kuniwekea mahamri, akajibu maswali yote huku akikanda unga. Nilipofika la saba aliacha kukanda.

"Wanitukana, mwanangu? Uko ndani yake, wala mahamri yangu, kisha waniuliza kama nina nyumba? Marehemu aliijenga kwa mikono yake na akanileta humu bibi arusi. Andika ndiyo. Andika kwa herufi kubwa!"

Tulicheka sote watatu. Nikaandika ndiyo. Na katika nyumba zile nyingine kumi na nane niliandika ndiyo vile vile, kwa sababu wote walikuwa watu wa heshima na hakuna aliyekubali kuitwa mtu asiye na nyumba. Wapangaji waliokuwa wakiishi ndani ya vyumba vyao walijibu hapana, nao walisema kweli.

Miezi ilipita. Orodha ya waliopata viwanja ilipobandikwa nje ya ofisi, majina ya wapangaji yalikuwamo. Katika wale wenye nyumba kumi na tisa hakuwamo hata mmoja. Hata hapo sikushtuka. Nilishtuka siku Bi Zuhura alipoingia ofisini akiwa amejifunga buibui lake la kuendea harusini, akasimama mbele ya meza yangu bila kuitika salamu.

"Warithi wa mwenye ardhi wametuita jana," alisema. "Wauza shamba lote. Wanunuzi wataka kujenga kuelekea ufuoni Shelly Beach, na sisi tumepewa mpaka baada ya mfunguo wa tatu, mwezi wa Hija, tuwe tumeondoka. Mpangaji wangu amepata kiwanja. Nimempa mkono wa heri. Sasa mimi na mwanangu tuna nini?"

Nilimwomba aketi, akakataa.

Nilikwenda kwa Msimamizi nikamweleza habari yote ya nyumba na ardhi. Alisikiliza akichezea kalamu.

"Kwa hiyo hawana kitu?"

"Wana nyumba, bwana. Hawana pa kuiweka."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

Akatoa fomu mpya mezani. "Mama, mimi si mtu mbaya. Mwambie huyo bibi ajaze upya, aseme hana nyumba. Tuandike kwamba mara ya kwanza alikosea. Wewe hutaguswa, na yeye nitamtafutia nafasi."

Nilivuka kichochoro kile na fomu nikiona mambo yamekuwa mepesi. Bi Zuhura alinisikiliza mpaka mwisho.

"Niseme sina nyumba?"

"Ni karatasi tu, Bi Zuhura."

"Wewe ndiwe mtu wa kuniambia ni karatasi tu? Uliyenisomesha kwamba kila neno laandikwa?" Hakupaza sauti. "Nina nyumba. Wala sitamfanya marehemu mume wangu kuwa mtu aliyeniacha nje. Kosa si langu, wallahi. Kalirekebishe lilipo."

Ningeweza kuijaza fomu ile mwenyewe. Alama ya dole gumba badala ya saini haikuwa kitu kigumu kupatikana siku zile, na nimewajua waliojazia vijiji vizima fomu wakiwa wamekaa chini ya mti. Nilikaa nayo siku mbili. Siku ya tatu, baada ya kuswali alfajiri, niliandika barua kwa Afisa Mkuu wa Nyumba, aliyekuwa juu ya Msimamizi. Niliandika kwamba swali la saba halifai kwa pwani, kwamba nilikuwa mtu pekee ofisini aliyeweza kulijua hilo, na kwamba nililiuliza mara kumi na tisa bila kufikiri.

Afisa Mkuu aliniita. Alikuwa mzee wa bara, mcha Mungu kwa dini yake, mwenye Biblia karibu na simu.

"Nieleze polepole," alisema. "Nyumba ni yake, ardhi si yake. Sasa kwa nini hajengi kwa mawe?"

"Mwenye ardhi hakubali, bwana. Ukitia mawe waonekana wataka kukaa milele."

"Na amekaa miaka mingapi?"

"Tangu aolewe. Binti yake ana miaka thelathini."

Alivua miwani akafuta macho, sijui kwa uchovu au kwa nini. Kisha akasema orodha imekwisha kutiwa saini, na akiifungua tena kila aliyekosa atafika na wakili, na mradi wote utasimama. Swali la saba litabadilishwa kwa awamu zijazo. Litauliza ardhi uliyojengea ni ya nani. Na katika orodha ya akiba, yaani ya wanaongojea kiwanja kitakachorudishwa, aliweza kuongeza jina moja.

"Moja, bwana? Wako kumi na tisa."

"Mama, ni moja. Nipe jina."

Nilitaja jina la Bi Zuhura. Sikupiga kura, sikuuliza nani ana mgonjwa wala nani ana watoto wengi. Nilimtaja kwa sababu ndiye aliyekuja kusimama mbele ya meza yangu.

Barua ile iliingia katika faili langu, na nilihamishiwa Changamwe bila kupandishwa cheo. Kabla sijaondoka nilikwenda kushuhudia kichochoro kikibomolewa. Kila mmoja alibomoa yake, kwa utulivu, akichagua boriti nzima na kuzifunga mafungu. Bi Zuhura na Mwanaisha walikwenda kupanga chumba Bombolulu, ambako Mwanaisha alipata kazi ya kushona shanga katika karakana. Wengine walitawanyika.

Changamwe nilikaa miaka saba chini ya Mhandisi wa Mradi, mtu wa kelele nyingi ambaye hakuweza kumkatalia mtu. Kule waombaji walikuwa watu wa bandarini na viwandani, wengi wao kutoka bara, na shida yao ilikuwa nyingine. Walipata viwanja, kisha wakaviuza. Nilimkuta bwana mmoja amepanga chumba ndani ya nyumba iliyojengwa na tajiri juu ya kiwanja alichopewa yeye mwenyewe. Nilimuuliza kwa nini.

"Mtoto alilazwa, mama. Ningemnywesha hati?"

Nililojifunza Changamwe ni kwamba kiwanja peke yake hakimtoi mtu katika ufukara. Kinampa pa kusimama. Akisukumwa na ugonjwa au karo ya shule, huanguka akiwa pale pale, na hati mkononi. Tulianzisha vikundi vya akina mama vya kuchimbiana misingi kwa zamu, ili ujenzi usimlemee mmoja, na katika vikundi hivyo wachache sana waliuza. Hilo namshukuru Mungu kwalo.

Miaka ya tisini nilipelekwa Kisauni, upande wa Junda, kuwa Msaidizi Mkuu wa Uandikishaji. Fomu zilikuwa na swali jipya. Wiki ya pili nilifungua faili la orodha ya akiba, karatasi zimekuwa rangi ya chai, na jina la Bi Zuhura lilikuwa lingali humo, la pili kutoka juu. Viwanja kadhaa vilikuwa vimerudishwa, na kimoja kilikuwa zamu yake.

Nilimpelekea habari mwenyewe Bombolulu. Alikuwa amepofuka jicho moja. Nilimsomea barua mara mbili, na mara ya pili akanishika mkono.

"Ni yetu na ardhi yake?"

"Na ardhi yake, Bi Zuhura."

"Alhamdulillahi. Basi nisome tena."

Kanuni ilitaka msingi uwe umekamilika ndani ya miezi sita. Kikundi cha akina mama kilimchimbia, na Mwanaisha alisimama pale kila Jumapili na mkongojo wake akiwakemea mafundi waliotia mchanga mwingi. Walijenga vyumba viwili vya mawe. Bi Zuhura alikaa humo miaka mitatu mpaka alipofariki, na Mwanaisha yumo mpaka leo. Kabla hajafa nilimtaka radhi kwa miaka ile. Alisema alinisamehe siku aliposikia nimeandika barua, ila hakuona haja ya kuniambia. Nilicheka na kulia kwa pamoja.

Nimestaafu sasa. Magoti yamechoka kwa vichochoro, na nikihesabu familia nilizoziandikisha na zile zilizobaki na viwanja vyao, nachoka zaidi. Lakini nimeruzukiwa afya na wakati. Nilisoma utotoni, nikawasomesha wengine, kwamba makosa baina ya mja na Mola wake husamehewa kwa toba, lakini haki ya mja ni mja mwenyewe aisamehe. Wale wenye nyumba kumi na wanane sikuwaomba radhi, na sikutaja majina yao nilipoulizwa. Kwa hiyo kila Ijumaa baada ya dhuhuri huenda kuwatafuta. Saba wamekwisha kufa, na hao nimewaendea watoto wao; watano bado sijawapata. Sita nimewapata wazima, na watano kati yao wamenisamehe, wengine wakicheka.

Wa sita ni Mzee Athumani, fundi wa kushona, aliyepanga chumba huko Junda. Nilimkuta kwenye cherehani yake barazani. Nilitoa salamu, nikaanza kujitambulisha.

"Nakujua," alisema. "Wewe ndiwe uliyepaka nambari juu ya mlango wangu."

Nikamweleza yote: swali, orodha, na jina moja nililolitaja. Nikamwambia nimekuja kumtaka radhi. Aliondoa mguu kwenye cherehani.

"Wajua tangu siku ile nimehama mara ngapi?"

"Sijui, mzee wangu."

"Mara sita. Mke wangu alifia chumba cha nne, na tukamtolea dirishani kwa kuwa mlango ulikuwa mwembamba." Aliurudisha mguu kwenye cherehani. "Nipe wakati."

Nilimwambia wakati ni wake. Nimekwenda kwake Ijumaa tatu tangu hapo. Huniletea kiti, hunipa maji, hunisimulia habari za wajukuu na bei ya nyuzi. Neno nililolifuata hajalisema, nami siliulizi.