Namba Isiyokuwepo

Kila siku ikikaribia saa kumi na moja jioni, Bi Simu alimfukuza mumewe nyumbani. Hakumfukuza kwa ubaya. Aliitungua kofia msumarini, akamkabidhi, akasimama mlangoni na kumwambia kwa adabu zote, "Asante kwa kazi, bwana. Sasa nenda kwako, mkeo asije akakasirika."

Mume, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Saa kwa kuwa alitengeneza saa za watu miaka thelathini na minane, alivaa kofia akatoka. Alizunguka nyumba, akaingia kwa mlango wa jikoni, akakuta keshasahaulika, akakaribishwa upya kama mgeni. Mchezo huo aliuweza. Lakini wiki iliyopita mlango wa jikoni nao ulipigwa komeo, na binti yao alipokuja kuwatazama alimkuta baba yake amejikunyata nje, mvua imemlowesha chapachapa.

"Baba, hii haiwezekani," binti alisema huku akimfuta kichwa. "Ikitokea tena, namchukua mama akakae kwangu."

"Na mimi?"

Binti aliendelea kumfuta kichwa. Kwake kulikuwa na chumba kimoja cha ziada na kitanda kimoja chembamba, na hilo wote wawili walilijua.

Sasa, muuguzi wa wazee pale kliniki alikuwa amemshauri mara tatu, na mara zote tatu ushauri uliingia sikio hili ukatokea lile, maana Fundi Saa ni mbishi kama mafundi wote. Safari hii alikwenda mwenyewe, akakaa, akasikiliza.

"Mzee, acha kumwambia kila saa kwamba wewe ni mumewe," muuguzi alisema. "Ukimsahihisha anaogopa. Mpe kitu cha enzi zake akishike. Kikimkumbusha jambo, mfuate hukohuko alikokwenda."

Enzi zake Bi Simu alikuwa opereta. Alikaa mbele ya ubao wenye matundu, nyaya mkononi, akiwaunganisha watu wa mji mzima, na sauti yake ilikuwa tamu kiasi kwamba hata aliyeambiwa laini ina shughuli alishukuru. Fundi Saa, kijana wakati huo, alipiga simu kutoka dukani kwa mwajiri wake akaomba namba mia sita sitini na tatu. Namba za mji ule ziliishia mia nne. Alilijua hilo vizuri sana, na kesho yake akapiga tena.

Kwa mnunuzi wa vyuma chakavu alipata simu mbili nyeusi za kuzungusha, nzito kama matofali. Moja aliiweka mezani mbele ya mkewe, nyingine akaingia nayo chumbani, mlango akauacha wazi. Hazikuunganishwa na kitu chochote. Alijiona mjinga, mzee mzima kujificha nyuma ya mlango. Akapiga moyo konde.

"Kriing," akasema.

Akarudia kwa sauti zaidi. Akasikia mkonga wa simu ukiinuliwa.

"Namba tafadhali," alisema Bi Simu.

Sauti ilikuwa ileile. Machozi yalimtoka Fundi Saa, naye hakuyazuia.

"Mia sita sitini na tatu."

Sebuleni kiti kililia kidogo.

"Wewe tena," Bi Simu alisema. "Nimeshakwambia namba hiyo haipo."

"Basi niunganishe na opereta."

"Opereta yuko kazini, hana muda na watu wasio na kazi."

"Kazi ninayo. Mimi fundi saa."

"Fundi saa gani huyo, anashinda kwenye simu?" Akacheka. "Mbona leo sauti yako imezeeka? Una mafua?"

"Kidogo."

"Kunywa maji ya moto."

Fundi Saa aliushika mkonga kwa mikono miwili. Swali lililobaki aliwahi kuliuliza mara moja tu maishani, na jibu lake ndilo lililompa mke.

"Dada, unatoka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja. Nisubiri getini. Na ukichelewa, nitajua saa zako zote ni za uongo."

Ilipofika saa kumi na moja kasorobo, Fundi Saa aliitungua kofia mwenyewe, akatoka kabla hajatolewa. Alisimama nje ya geti, shati kalichomekea, jicho kwenye mlango. Akiusikia unapigwa komeo, basi tena, mke atachukuliwa na binti.

Mlango ulifunguliwa. Bi Simu alitoka na mkoba wake begani, nywele kazibana vizuri. Akamtazama juu mpaka chini.

"Umewahi," alisema.

"Nimewahi."

"Haya, nipeleke nyumbani."

Akampokea mkoba. Walitembea taratibu mpaka kwenye kona, wakageuka, wakarudi kwa njia ileile, Bi Simu akimsimulia wateja wasumbufu wa siku hiyo. Walipoingia ndani alimvua kofia na kuitundika msumarini.