Harufu ya Zabibu katika Nyumba ya Mama Ottilia

Alizaliwa tarehe 11 Februari 1938, sikukuu ya Bikira Maria wa Lurdi, katika kijiji cha Zelonka huko Wisconsin, akabatizwa kwa jina la Loretta. Mama yake alifariki siku ileile. Baba yake, Kazimierz Wieczorek, alikuwa mtengeneza jibini, na kwetu kila mtu anajua kwamba mtengeneza jibini hulishwa na pua yake. Alimlea binti kati ya magudulia ya maziwa, akamfundisha kunusa kabla hajafundishwa kusoma. "Maziwa mabovu nayo ni meupe, mwanangu," alikuwa akimwambia. "Nusa kwanza ndipo usifu." Malezi mengine aliyapata kwa Sista Kunegunda, shangazi wa baba yake, ambaye Loretta alimwita Bibi. Huyo ndiye aliyemfundisha rozari, na ndiye aliyemwahidi kwamba siku moja wangevaa vazi moja katika nyumba moja.

Kwa ajili ya ahadi hiyo, mwaka 1956 Loretta alijiunga na Chuo cha Bibi Yetu wa Chemchemi, kinachoendeshwa na masista wa Mama Ottilia na kupakana na konventi yao, yaani nyumba yao ya kitawa. Alichagua biolojia na biokemia. Lakini chuo kile hakimwachii mwanafunzi ajifungie katika somo moja, basi asubuhi alikuwa na Kilatini na falsafa, mchana vyura na chupa za majaribio, jioni masifu. Mwalimu wake, Sista Edigna, mwanamke mkali kama siki, alianza kila kipindi kwa sala na kukimaliza kwa swali: "Umejuaje?" Aliyejibu "Naona tu" alirudishwa mezani kuanza upya. Loretta alimpenda mno.

Sasa, katika chumba cha chini cha nyumba ya wagonjwa ulikuwepo mtungi wa jiwe aliouacha Mama Ottilia, mwanzilishi wa shirika. Maji yake yalibarikiwa, na desturi ilikuwa kwamba mtungi usimwagwe kamwe. Yakipungua huongezwa mengine, ili ya mwanzo yabaki ndani. Sista akizidiwa, walimlowesha midomo kwa maji hayo na kumwosha vidonda vya mgongo. Ndipo lilipotokea jambo lililoitukuza nyumba ile kote jimboni: siku chache kabla ya kifo, chumba kilijaa harufu tamu ya zabibu zilizoiva. Masista walipiga magoti. "Mama amekuja kumchukua binti yake," walisema. Katika majira ya baridi ya mwaka 1958, Mama alikuja mara nyingi kuliko kawaida.

Loretta alikuwa mwaka wa tatu. Sista Edigna aliwapa visahani vya kioo vyenye uji ulioganda, waoteshe vijidudu vya kidonda vilivyoletwa kutoka hospitali. Siku ya pili Loretta alifunua chake, na harufu ya zabibu ikamjaa puani. Alisimama pale amekishika kifuniko, kwa maana asubuhi ileile alikuwa ameisikia harufu hiyo chumbani kwa Bibi Kunegunda, aliyekuwa amelazwa katika nyumba ya wagonjwa.

Mwalimu wake alikuwa amewaonyesha kwamba vijidudu vile hung'aa chini ya taa ya urujuanimno, yenye mwanga usioonekana kwa macho. Mchana, masista wakiwa mezani, Loretta aliichukua taa akashuka kwenye chumba cha mtungi, ambacho hakina dirisha. Aliiwasha. Ukingo wa mtungi uling'aa kijani, na kata ya kuchotea maji nayo, na mpini wa mlango. Kisha akaona vidole. Alama za vidole vya kijani zilipanda ukutani, ngazi baada ya ngazi, kama kuna mtu aliyetangulia mbele yake akijishikilia asianguke. Alizifuata. Ziliishia kwenye mlango wa Bibi. Ndani pazia lilikuwa limefungwa. Akainua taa juu ya kitanda, na midomo ya ajuza yule aliyelala ikawaka gizani.

"Unafanya nini na taa hiyo, Loretta?" Alikuwa ni Mama Afra, mkuu wa konventi, amesimama mlangoni.

"Naangalia, Mama."

"Bibi yako amekuwa chura wa maabara, siyo?"

"Mama, hii harufu si ya mbinguni. Ninayo kwenye kisahani kule darasani. Ni vijidudu, vimo ndani ya mtungi, na sisi wenyewe tunawapaka wagonjwa vidondani."

"Wee mtoto, angalia mdomo wako! Wote waliolala pale makaburini niliwaosha mimi. Unataka kusema niliwaua kwa mkono wangu?"

Loretta aliizima taa, na Mama Afra akaelewa. Alisema kwa sauti ya chini, "Ukimwaga maji yale, vazi letu hutalivaa. Si mwaka huu, si mwaka ujao."

Kikulacho ki nguoni mwako. Loretta alilitaka vazi lile tangu utotoni, hata hivyo akashuka ngazi analia, akaupindua mtungi. Maji yalipokwisha, ukatoka utando wa kijani, mzima, wenye umbo la mtungi ule ule. Alisimulia baadaye kwamba ulisimama kidogo sakafuni kama mtu anayefikiria aelekee wapi, ndipo ukaanguka. Aliumwagia magadi makali, akausugua mtungi mpaka vidole vikatoka damu.

Daktari alileta dawa, masista wakachemsha maji, na Bibi Kunegunda akapona. Hakushukuru. "Mama alikuwa ameshafika mlangoni," alimwambia mjukuu wake. "Nani alikutuma umfukuze?" Akageukia ukuta. Loretta alikataliwa konventini, akaajiriwa katika maabara ya hospitali mjini, na kila Jumapili alirudi kukaa kando ya mgongo ule. Bibi alifariki mwaka 1964, bila harufu yoyote na bila kumsemesha. Tusilirahisishe jambo hili: lilimvunja moyo, na hakupata kupona.

Mwaka 1967 Mama Afra, akikaribia kufa, alimwita. "Kabla hujamwaga," aliuliza, "walikuwa wangapi?"

"Sikuwahesabu, Mama."

Sista Edigna, aliyekuwepo, alijua kwamba mwanafunzi wake alihesabu kila kitu maishani. Mama Afra alifumba macho, akasema, "Mvisheni vazi."

Sista Loretta alifundisha biokemia katika chuo kile hadi saratani ilipomlaza. Aliwaagiza wauguzi: "Mkisikia zabibu, msipige magoti. Pimeni. Magoti yatasubiri." Akafariki tarehe 15 Novemba 1993, na tangu alfajiri ya siku ile chumba kilikuwa kimejaa harufu ya zabibu.

Mgonjwa akiwa bado anapumua, Sista Jolanta, muuguzi aliyekuwa mwanafunzi wake, alikuwa ameshaanza kuinama. Akajizuia, akakimbilia maabara. Visahani vikawekwa kando ya mto wa kitanda, dirishani, na vingine ukumbini kwa kulinganisha. Taa ya urujuanimno haikuonyesha kitu. Siku ya pili vya ukumbini viliota ukungu na madoa, kama ilivyo popote watu wanapopumua. Vya chumbani havikuota kitu, hata doa. Walirudia, ikawa vilevile, na ingawa dirisha lilikuwa wazi theluji ikiingia, harufu ikaendelea mpaka siku ya mazishi. Ndipo walipopiga magoti.

Kanisa halijatamka neno, nasi hatulitangulii. Hatujui ni nani aliyekuja. Tunajua tu ni nini hakikuja. Wanafunzi wa chuo kile hadi leo huweka kisahani kaburini kwake kabla ya mitihani, na wengi hukiri kwamba huogopa kukifunua. Nasi tumwige: tumpende Mungu kiasi cha kutomsingizia lisilo lake, hata kama ukweli utatunyima kile tukipendacho.

Vilipokwisha kusomwa vile visahani, Sista Jolanta alisema lile alilolificha. Alipokuwa akivipanga, mgonjwa alifumbua macho akatazama mlangoni, mahali ambapo hapakuwa na mtu, akatabasamu kama aliyesemeshwa baada ya miaka mingi. "Bibi," alisema, "mwambie Mama asubiri kidogo. Wanapima."