Kamba ya Mkiani

Wifi yake ndiye aliyewalisha wageni chambo, lakini aliyepewa jina la mlisha watu sumu ni Mama Chungu. Kisiwa kizima kinaijua habari hii miguu juu kichwa chini, na wawili wanaoujua ukweli pamoja naye wamefunga midomo.

Kisiwa chenyewe ni jiwe. Ukishuka gatini unapanda njia moja nyembamba kati ya miamba myeusi, upepo ukikusukuma mgongoni, mpaka kwenye nyumba zilizobanana upande usiopigwa na mawimbi. Hakuna hata mti wa kufungia kamba ya nguo. Watu wanakula kinachotoka majini na viazi vinavyokubali kuota kwenye udongo wa chumvi, basi. Lakini viazi hivyohivyo na samaki wa moshi, vikipita mkononi mwa Mama Chungu, mtu alilamba sahani kisha akauliza kama umebaki ukoko. Jina alipewa kwa ajili ya chungu chake kikubwa, kisichokosekana kwenye arusi wala msiba.

Samaki hukaushwa vibandani, juu ya moshi. Wa kula hufungwa kamba mdomoni. Walioanza kuharibika, wa kutegea kaa, hufungwa mkiani. Moshi ukiwa mzito unapapasa tu: kichwa kikiwa juu unachukua, mkia ukiwa juu unaacha. Hata anayetambaa anajua.

Wakaja wageni waliotaka kuzunguka miamba, kuona watu wa pale wanavyoishi na kula wanachokula. Kupika kukamwangukia Mama Chungu. Wifi yake, mke wa kaka yake, akajitolea kuleta samaki kutoka kibandani kwao. Alikuwa na haraka ya kurudi kuwatazama wageni, hakupapasa. Akaleta samaki wameshakatwa vipande, hakuna kichwa wala mkia, wamesuguliwa ndimu na pilipili mpaka pua haikuwa na la kusema.

"Nimekupunguzia kazi, wifi," alisema.

Mama Chungu akamshukuru. Hilo ndilo linalomkereketa mpaka leo, kwamba alimshukuru.

Jua halijazama, wageni wakawa wanatapika nyuma ya miamba, na mmoja akabebwa kupelekwa botini kama gunia. Watu wakajaa gatini. Mtu akauliza samaki wametoka wapi. Wifi akashika kiuno, akasema yeye alileta wazima, na mwenye swali zaidi amuulize aliyeshika mwiko. Wote wakamgeukia aliyeshika mwiko.

Kesho yake Mama Chungu alichakura jaa la nyuma ya jiko la wifi yake, akaikuta mikia, kamba bado imefungwa. Akampelekea kaka yake, aliyekuwa anasuka mtego wa kaa. Kaka akaishika, akaigeuzageuza, kisha akaitia motoni.

"Dada, wewe umezoea kukaa peke yako," alisema. "Mimi nikimuumbua huyu, nitakaa na nani?"

Tangu hapo hakuna anayekula mkononi mwake. Msiba wa juzi walikuja kuazima chungu, mwenyewe wakamwambia apumzike. Mpakuzi mmoja wa mizigo gatini akatania kwamba jina halijabadilika, ila siku hizi si chungu cha jikoni, ni chungu ulimini. Walicheka, na wifi yake alicheka kuliko wote.

Wageni wameanza kurudi. Anayewapikia sasa ni wifi. Huwapeleka kibandani, akawaeleza kwa madaha: mdomoni wa kula, mkiani wa chambo. Mama Chungu humsikia kutoka mlangoni kwake, akimenya kiazi kimoja cha kula yeye.

Wifi anadaiwa neno moja, palepale gatini, mbele ya watu walewale: kwamba samaki walikuwa wake na kamba ilikuwa mkiani. Kaka anadaiwa zaidi. Wifi alikosea kwenye moshi. Yeye aliishika ile mikia mchana kweupe, akijua ni ya nani.