Koti Jeusi Kwenye Pamba

Mwanangu, ipo siku moja naikumbuka hata mavazi yake: koti jeusi, suruali yake, na viatu vyenye ncha kali. Nilikuwa kijana, fundi redio hapa Musoma, nakwenda Kabasa, Bunda, kupeleka posa kwa wazazi wa Nyamisi. Nilikuwa nimemwona karani mmoja amevaa suti kama ile, watu wakamsogezea kiti. Nikaitafuta ya kufanana nayo kwenye mitumba. Nilitaka na mimi nisogezewe kiti.

Msemaji wetu alikuwa baba mdogo. Tulikuta pamba imeanikwa uani juu ya maturubai, na wingu limeshafunga upande wa ziwani. Kabla hatujakaribishwa, mvua ikaanza kudondoka. Nyumba nzima ikainamia pamba kuijaza kwenye magunia. Baba mdogo akavua ndala akaungana nao. Mimi nikabaki barazani. Pamba na koti jeusi unavijua. Unyuzi mmoja ukigusa unaonekana toka mbali. Nikasimama, mikono nimeikunja, nikimtazama Nyamisi akiburuta gunia peke yake. Pamba nyingine ililowa.

Walipomaliza, shangazi yake Nyamisi akanitazama kuanzia viatuni kwenda juu.

"Mkwe, hii nguo unavaaga kwenu?"

"Hapana, shangazi. Nimeivaa leo."

"Na pamba kwenu hamna?"

"Hamna. Kwetu ni Mugango, tunaanika dagaa."

"Dagaa zikinyeshewa mnazitazamaga hivi hivi?"

Nikaikunjua mikono. Dagaa nimeziokota mvuani tangu utoto wangu.

"Basi mkwe mwenyewe umemwacha nyumbani," akasema. "Nenda ukamlete. Huyu hatumjui."

Baba yake Nyamisi hakucheka. Alimwambia baba mdogo kwamba maneno ya posa yasubiri majuma mawili. Tukaondoka, na Nyamisi hakuniangalia. Hilo ndilo lililoniuma.

Nilirudi chumbani kwangu Kamunyonge nikiwa na swali ambalo sikuwahi kujiuliza: huyo mwenyewe huwa anavaa nini? Nikamwaga sanduku lote kitandani. Kila nguo nikaiuliza niliivaa lini mara ya mwisho, na kwa nini. Zilizokuwa mpya karibu zote nilizinunua kwa kumtazama mtu fulani. Zilizochakaa zilifanana kama ndugu: mashati ya rangi ya udongo au bluu iliyoiva, mikono inayokunjika, mifuko miwili kifuani, mmoja wa bisibisi na mwingine wa daftari. Hakuna aliyenichagulia hayo. Nilikuwa nayachukua asubuhi bila kufikiri. Nikalipeleka moja kwa fundi cherehani, nikamwambia anishonee lingine kama lile kwa kitambaa kipya, na kola aisimamishe vizuri maana naenda ukweni.

Siku ya kurudi Kabasa nililivaa, limepigwa pasi kama la mtu wa kanisani, lakini nilikaa kwenye kigoda bila kujishikashika. Wazee wakazungumza, na mimi nikazungumza. Nyamisi aliponiletea chai akasema chini chini, "Leo nimekuona toka barabarani, nikajua ni wewe." Posa ikapokelewa.

Sikukatazi suti, mwanangu. Shemeji yangu anavaa suti na anaweza kuchinja mbuzi akiwa ameivaa, imemkaa. Nakuambia hivi tu: usianze na picha ya mtu kwenye simu yako. Anza na sanduku lako. Tazama nguo unazozifua mara kwa mara, ujue zina nini, kisha utafute nzuri zaidi za namna hiyo. Na kabla hujanunua, inama, kaa chini, nyanyua mikono. Nguo inayokukataza kumsaidia mtu mzigo si yako, hata ikikupendeza vipi.

Mungu akupe afya ya kuvaa. Nguo zako zikuchakalie mwilini, zisikuchakalie sandukuni, na wanaokupenda wakutambue toka mbali.